Jicho la Mpima Mayai

Saa tatu na robo asubuhi, yai moja lilipasuka ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kizibo kinapochomoka kwenye chupa. Harufu yake haikuwa ndogo.

Watu watatu waliokuwa kazini waliacha walichokuwa wakifanya. Dada Mkubwa, mwenye mashine, aliweka chini kikombe chake cha chai. Mdogo wake, mpima mayai, alisimama mlangoni mwa chumba cha giza na trei mikononi. Mke wa mpima mayai ndiye aliyefika kwanza. Alifungua mashine huku ameziba pua kwa kiganja.

"Viza," alisema. "Na limeyachafua mengine yote ya trei."

"Viza gani tena?" Dada Mkubwa aliuliza. "Trei hiyo si ilipimwa wiki iliyopita?"

Ilipimwa. Na aliyeipima alikuwa amesimama palepale, anaangalia vidole vya miguu yake.

Kazi ya kupima mayai ni rahisi kuieleza. Chumba hakina dirisha. Mezani kuna sanduku la bati lenye taa ndani na tundu moja juu. Mpimaji huweka yai kwenye tundu, mwanga ukapenya ganda. Yai lenye kifaranga kinachokua huonyesha doa jeusi na mishipa myembamba ya damu, imetawanyika kama mizizi. Yai lisilo na mbegu huwa tupu. Yai lililokufa huwa na kivuli kisicho na mishipa, au pete ya damu. Mayai ya ganda jeupe hayasumbui. Ya kahawia ndiyo yanayomtenga fundi na mwanafunzi, kwa sababu mwanga hupita humo kidogo sana.

Huyu alikuwa fundi. Mtaani walimwita Jicho. Walisema anaweza kumwona kifaranga akiwa bado anajishauri kama atoke au asitoke. Lakini hilo halikuwa viza la kwanza mwezi ule, na wateja walikuwa wamekwisha kulalamika.

"Mdogo wangu," Dada Mkubwa alisema, "humo ndani unapima au unalala?"

"Napima, Dada."

"Kwa macho au kwa pua? Maana kwa pua hata mimi ningelikamata hili."

"Taa imechoka," Jicho alisema. "Haina nguvu."

"Basi nunua nyingine. Ila nisisikie tena habari za taa."

Jicho alinunua taa kali kuliko zote dukani. Alifikiri hivi: kama sioni vizuri, niongeze mwanga. Hoja ilionekana nzuri. Matokeo yalikuwa mabaya. Mwanga ulivuja pembeni mwa tundu na kumpiga usoni. Mayai meupe aliyaona. Lakini kila alipoinua macho kutoka kwenye tundu, chumba kizima kilikuwa ukuta mweusi. Alipapasa trei kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mayai ya kahawia yalimchanganya kuliko zamani.

Alasiri mkewe alichukua mayai aliyoyatenga ili yatupwe. Alipasua moja la kahawia juu ya beseni, ahakikishe. Ndani mlikuwa na kifaranga kidogo, hakijaota manyoya. Moyo wa kifaranga ulikuwa unapiga. Ulipiga mara chache, ukaacha.

Dada Mkubwa aliona. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nimezungumza na mpimaji mwingine, yule wa sokoni," alisema. "Mayai tuliyoingiza jana utayapima wewe. Upimaji wa pili, ule wa siku chache kabla hayajaanguliwa, nitakuja kukagua mwenyewe. Nikikuta mambo ni yaleyale, yeye ataingia chumbani na wewe utaosha trei. Wewe ni ndugu yangu, lakini kifaranga hajui undugu."

Kulikuwa na jambo ambalo Jicho hakumwambia dada yake. Kwa miezi kadhaa sasa, jua likizama alitembea kwa kupapasa ukuta. Jioni ile alijikwaa kwenye ndoo uani. Mkewe alikuwa amenyamaza siku nyingi. Siku hiyo alichoka kunyamaza.

"Baba watoto, ndoo hiyo imekukosea nini?"

"Nani kaiweka hapa?"

"Wewe. Mwaka juzi."

Jicho aliketi kwenye kizingiti. "Naogopa," alisema. "Nadhani nakuwa kipofu."

"Usiogope kitu ambacho hujakipima," mkewe alijibu. "Mpimaji si wewe? Basi kesho tupime."

Asubuhi walisimama wote wawili uani, wakautazama ukuta mweupe uliopigwa na jua. Kisha waliingia pamoja kwenye chumba cha giza, taa ikiwa imezimwa. Mlango waliuacha wazi kwa upana wa uzi. Kwenye rafu mke alikuwa ameweka yai moja jeupe. Sharti lilikuwa moja: atakayeliona kwanza aseme.

Mwanzoni wote hawakuona kitu. Baada ya muda mke alisema, "Naliona."

"Mimi bado."

"Sasa naona na trei zilizo chini yake."

"Mimi bado."

Mke alianza kusimulia habari za jirani aliyemkopesha ndugu yake ngazi, ndugu akaipaka rangi, kisha akadai ni yake. Habari ilikuwa ndefu na ilikuwa na mashahidi.

"Nimefika mwisho wa ngazi," alisema, "na wewe hujaliona yai?"

"Hapana." Muda ukapita. "Ngoja. Kuna kitu kama ukungu. Sasa naliona."

Walitoka nje. Jua lilikuwa lilelile kwa wote. Giza lilikuwa lilelile. Taa haikuwamo kabisa katika jaribio hilo, kwa hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya jicho.

"Lakini uliliona," mke alisema. "Ulichelewa, ila uliliona. Kipofu haoni hata akisubiri. Namwita mdogo wangu."

Mdogo wake mke alikuwa muuguzi katika kliniki ya macho. Alikuja siku yake ya mapumziko, na kama ilivyo kawaida ya mashemeji, alianza na utani.

"Shemeji, nasikia siku hizi mayai yanakupima wewe."

"Cheka tu," Jicho alisema. "Ukimaliza kucheka uniambie nina nini."

"Sijui una nini. Kwanza nijue unaona nini." Alimsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamvuta kope ya chini taratibu. Sehemu nyeupe ya jicho haikuwa na unyevu wa kutosha. Ilikuwa imefifia, kama kioo cha dirisha la jikoni. Muuguzi aliomba kipande cha waya laini, mkasi na trei ya karatasi ya kuwekea mayai.

Alitoboa katika kishimo kimoja cha trei tundu jembamba lililopinda. Kisha aliupinda waya hadi ukaingia humo barabara.

"Hebu tazama," alisema. "Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina. Humo mna seli nyingi mno za kuonea kwenye mwanga mdogo. Zina umbo la vijiti. Kila kijiti kimejaa rangi. Jina lake ni rodopsini. Rangi hiyo ina sehemu mbili: protini, ambayo ni kama trei hii, na kipande kidogo kilichopinda, ambacho ni kama waya huu. Mwanga ukifika, hufanya kazi moja tu." Alivuta waya, akaunyoosha. "Hukinyoosha kile kipande. Basi."

"Basi?" Jicho aliuliza. "Kuona kote huko ni kunyoosha waya?"

"Ndiyo mwanzo wake. Kipande kikinyooka, protini inabadilika umbo, na ubongo unapelekewa taarifa. Lakini jaribu sasa kuurudisha waya kwenye tundu."

Jicho alijaribu. Waya ulionyooka haukuingia.

"Haukai tena," alisema.

"Haukai. Rangi imevunjika. Kijiti hicho hakiwezi kuitumia tena mpaka iundwe upya. Ukisimama kwenye jua kali, karibu rangi yote ya vijiti huvunjika. Ukiingia gizani huoni, kwa sababu rangi ya kuonea gizani huna. Unakaa, inaundwa, unaanza kuona. Kwa mtu mzima mwenye afya, kuirudisha yote huchukua kama nusu saa, pengine zaidi."

Mke wa Jicho aliuchukua waya, akaupinda kwa vidole. "Si kazi. Kwa nini ichukue muda wote huo?"

"Kwa sababu vijiti vyenyewe havijui kuupinda, dada. Havina kimeng'enya cha kazi hiyo. Kipande kilichonyooka lazima kitoke, kiende kwenye seli za jirani zilizo nyuma ya retina. Huko ndiko kuna kimeng'enya cha kukipinda. Kikishapindwa kinarudishwa, kinaingia kwenye protini, na rangi imezaliwa upya. Ni safari ya kwenda na kurudi, na mzigo ni mkubwa."

Jicho alikuwa ameinama juu ya trei, amesahau woga wake. "Kama kipande kinarudi, basi hakiishi. Kwa nini kwangu kiishe?"

"Umeuliza vizuri. Kipande hicho hutengenezwa kutokana na vitamini A. Sehemu kubwa hurudi, lakini si yote. Tena ngozi, koo na mwili wote unaihitaji. Akiba iko kwenye ini. Mtu mzima anaweza kula akiba hiyo kwa miezi bila kujua. Ikiisha, vijiti vinakuwa na trei nyingi na waya chache. Anaingia gizani, anasubiri, anasubiri, na rangi haijai."

"Nathibitishaje kwamba hilo limo jichoni, si kichwani mwangu?"

"Ziba jicho moja kwa kiganja. Nenda juani. Rudi ndani, kisha ufungue."

Jicho alikwenda, akatembea uani huku ameziba jicho la kushoto. Mkewe alimsindikiza ili asikutane na ndoo. Aliporudi chumbani aliondoa kiganja.

"Aisee!" alisema kutoka gizani. "Jicho la kushoto linaona meza. La kulia halioni kitu! La kushoto, meza. La kulia, hakuna. Mke wangu, njoo ujaribu!"

"Shemeji," muuguzi aliita, "kabla hujawa mtoto, toka nikuulize jambo. Unakula nini?"

"Nakula kama watu."

"Asubuhi?"

"Mkate na chai ya rangi."

"Mchana?"

"Wali mtupu. Au viazi vya kuchemsha."

"Mayai?"

Jicho alikunja uso. "Mayai mimi? Mimi nayaona yaliyomo. Kutwa nzima natazama damu na viza. Ukishaona nilichokiona mimi, huli yai."

"Maini?"

"Usiniambie habari za maini."

"Mboga za majani?"

Mkewe alijibu kwa niaba yake. "Mboga tunalima. Hizo hapo nyuma ya banda. Karoti, majani, maboga. Ila bwana huyu anasema ni za kuku, eti kiini kitoke chekundu, wateja wafurahi. Mimi na watoto tunajiibia. Yeye hagusi."

"Na mafuta?"

"Niliacha," Jicho alisema. "Nilikuwa na kiungulia."

"Ulimweleza daktari?"

"Nilimweleza kinyozi."

"Akasemaje?"

"Niache mafuta yote."

"Nywele alikunyoa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi mafundisho yake yaishie shingoni." Muuguzi hakucheka. "Sikiliza. Kuku wako wanakula vizuri kuliko wewe. Ini, kiini cha yai na maziwa yana vitamini A iliyo tayari. Majani ya kijani kibichi, karoti, boga la njano na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Lakini bila mafuta kidogo, tumbo haliichukui ipasavyo. Wewe umefunga milango yote, kisha ukafunga na dirisha."

"Kwa hiyo kiini kikiwa chekundu zaidi kina vitamini zaidi?"

"Hapana, usikosee hapo. Wekundu wa kiini hutoka hasa kwa rangi nyingine za mimea. Yai la kiini cheupe nalo linaweza kuwa na vitamini A ya kutosha. Usiipime kwa rangi."

Jicho alitikisa kichwa taratibu. Habari ya wekundu alikuwa ameisadiki kimakosa miaka yote.

"Basi nikanunue vidonge," mke alisema.

"Usinunue kitu. Vitamini A ikizidi ni sumu, inaumiza ini, na kwa mama mjamzito inamdhuru mtoto aliye tumboni. Dawa na kipimo chake atatoa daktari. Tena si kila asiyeona gizani amekosa vitamini. Kuna maradhi ya retina ya kurithi, kuna mtoto wa jicho, kuna kisukari. Mimi nimekisia. Kliniki itapima. Na hicho kiungulia uende nacho, usikiache kwa kinyozi."

Jicho alikwenda kliniki kesho yake. Daktari alichunguza macho yake mbele na nyuma. Aliuliza kama katika ukoo wao kuna aliyepoteza kuona gizani tangu ujana. Hakukuwa na yeyote. Alipima sukari na akapima ini. Vyote vilikuwa sawa. Hakuona mtoto wa jicho. Alimpa vitamini A ya kumeza kwa kipimo chake, akamtaka arudi kukamilisha dozi. Alimpa na dawa ya kiungulia, akaruhusu mafuta kwa kiasi.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa mabishano. Siku ya kwanza mkewe alimwekea yai la kuchemsha.

"Siwezi," Jicho alisema.

"Hili halijakaa kwenye mashine. Limetagwa leo."

"Nalijua lilivyo ndani."

"Basi fumba macho. Si wewe uliyetaka kujua giza linafanya nini?"

Alifumba macho, akala. Alipomaliza hakusema ni tamu, ila hakuacha kitu kwenye sahani. Siku ya pili zilikaangwa mboga za majani kwa mafuta kidogo. Kuku nao waliendelea kupata za kwao. Shamba lilitosha wote.

Chumba cha giza nacho kilibadilishwa. Taa kali ilirudishwa dukani, na ile ya zamani ikawekwa tena. Mke alikata kipande cha mpira, akakizungushia tundu ili mwanga usivuje. Ukutani, kwa ushauri wa muuguzi, walifunga taa ndogo nyekundu iliyofifia kwa ajili ya kuonea njia, maana mwanga mwekundu hafifu hauivunji sana rangi ya vijiti. Na Jicho aliacha tabia ya kutoka kwenda juani kila baada ya trei. Akilazimika kutoka, alitoka amefunika jicho moja kwa kitambaa. Majirani walimwuliza kama amepigwa na mkewe. Mkewe aliwajibu kwamba bado.

Siku chache baada ya dozi ya kwanza, Jicho alipita uani jua likiwa limezama. Aliizunguka ndoo. Hakumwambia mtu, lakini mkewe alikuwa dirishani.

Walirudia jaribio la yai jeupe kwenye rafu. Safari hii mke aliliona kwanza tena, ila kabla hajapata la kusimulia, Jicho naye alisema, "Naliona."

Upimaji wa kwanza aliufanya polepole, mkewe akiwa kando. Walikaa kwenye benchi gizani kabla ya kugusa yai. Mayai waliyotofautiana juu yake waliyaweka pembeni na kuyapima upya. Hakuna lililopasuka wiki iliyofuata.

Kisha ikafika siku ya upimaji wa pili. Saa nne asubuhi Dada Mkubwa aliingia kutoka juani, simu mkononi. Jicho alikuwa ameshamaliza, mkewe akiwa kando yake. Trei za mazima zilikuwa kulia, trei ya kutupwa kushoto. Dada hakuketi. Alinyoosha mkono kwenye trei ya mazima, akapapasa, akatoa yai la kahawia, akaliweka kwenye tundu.

"Kivuli kitupu," alisema. "Sioni mshipa hata mmoja. Hili limekufa, na wewe umeliweka upande wa mazima."

"Dada, funga mlango."

"Nafunga nini? Nimeona nilichoona." Alianza kubonyeza namba kwenye simu. Mwanga wa kioo ulimulika kidevu chake.

Jicho aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kazi yake inaondoka, na sababu ya dada yake kukosea. Hakupandisha sauti.

"Umetoka juani sasa hivi," alisema. "Na umewasha simu machoni. Mimi nimekaa humu tangu asubuhi. Hatutumii macho ya aina moja. Zima simu, uketi. Ukishasubiri na bado huoni kitu, mpigie huyo wa sokoni, nami nitamwachia kiti."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka uione miguu ya meza."

Wifi yake alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi, na simu akailaza mezani kioo chini. Mlango ulifungwa. Taa ya sanduku ilizimwa, ikabaki ile ndogo nyekundu ya ukutani. Dada Mkubwa alilalamika kwamba ana wateja. Kisha alilalamika kwamba benchi ni gumu. Baada ya muda mrefu alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kumbe humu mna ndoano ukutani."

"Na miguu ya meza?"

"Naiona. Yote minne."

Jicho aliwasha taa ya sanduku. Aliweka yai lilelile kwenye tundu, upande wenye nafasi ya hewa ukiwa juu, akalizungusha kidogo. Dada yake aliinama. Kivuli kilikuwa kikubwa, kama alivyosema. Lakini sasa, kwenye ukingo wake, karibu na nafasi ya hewa, aliona mstari mwekundu mwembamba, na mwingine uliochipuka kutoka kwake.

"Mshipa," alisema.

"Endelea kutazama."

Kivuli kilijongea. Kilisukuma kutoka ndani, kikatulia, kikasukuma tena.

"Linatikisika," Dada Mkubwa alisema. "Ndugu yangu, linatikisika."

Alichukua simu, akaizima kioo kikiwa bado chini, bila kumpigia yule wa sokoni. Kisha alilitoa yai kwenye tundu kwa mikono miwili, akalirudisha kwenye trei ya mazima, upande butu juu.